Namba za Nyamongo

Rhobi mwanangu, mama yangu,

Katika watu wote waliokanyaga vumbi la Nyamongo miaka ile dhahabu ilipochachamaa, hakuna aliyekuwa na bahati kama baba yako. Sijisifu. Ningetaka kujisifu ningeanzia Nairobi, ambako niliingia na viatu viwili na nikatoka na viatu viwili, jambo ambalo wenzangu wengi hawawezi kulisema. Nasema tu kama ilivyo. Watu walikuja Nyamongo na nyundo, wakaja na karasha za kusagia mawe, wakaja na waganga wao kutoka kila upande wa nchi. Mimi nikaja na kompyuta kuukuu na shati jeupe, na bado ni mimi niliyeitwa mwenye mkono.

Hadithi unaijua. Umeisikia kwenye harusi, umeisikia kwenye misiba, na mara moja umeisikia nikimsimulia trafiki aliyetusimamisha pale njia panda, akatuachia. Lakini acha niiandike kwa herufi zangu hizi za mtu aliyeishia mlangoni mwa kidato cha pili, maana kesho saa za asubuhi utakuwa kwenye basi na mimi nitakuwa nimesimama chini nikipunga mkono kama mjinga, na mdomo wangu huwa haufanyi kazi vizuri kwenye stendi.

Wachimbaji walitoka duarani, kwenye shimo lao, siku ile na mawe yaliyotema dhahabu vizuri. Hawakwenda moja kwa moja kwa mnunuzi. Walikuja kwanza kwenye kafe yangu ya intaneti, matope mpaka kwenye nyusi, kwa sababu mnunuzi akitaja bei nani atambishia? Walitaka kuiona bei ya dunia kwa macho yao. Sasa mtandao wa Nyamongo wakati ule, mama, ulikuwa unatembea kwa magoti. Sisi wenye kafe tulikuwa tunagawana dishi moja, kama majirani wanaogawana bomba moja. Ukurasa ukaanza kufunguka kutoka juu: kwanza mstari wa bluu, halafu nusu ya kichwa cha mzungu, halafu meno yake. Bei ilikuwa chini kabisa na chini hakufiki.

"Huyu anacheka nini?" mmoja akauliza.

"Anatucheka sisi," mwenzake akajibu. "Bei ameikalia."

Nikamwinua mteja kwenye kiti. Nikaziba kioo kwa mgongo wangu mpana huu, nikaingia kwenye setingi, nikabadilisha namba, hii hapa, ile pale, nikafuta nyingine, nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka wote kwa mara moja, mzungu na meno yake na bei yake. Nikafungua mwingine, ukaruka. Nikafungua mwingine, ukaruka. Wale watu walinibeba mabegani mpaka buchani. Kuanzia jioni ile nikawa Mwita Mwenye Mkono, na mpaka leo ukienda Nyamongo ukataja jina hilo utapewa kiti.

Basi, hiyo ndiyo bahati ya baba yako.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji, ya kutomfungulia mtu usiyemjua, mama yako amekuambia yote tangu Jumatatu, na najua ataendelea kukuambia mpaka basi liwashe injini. Siyarudii. Hata ule mfuko wa ulezi ambao umekataa kuubeba, utaukuta umeshafungwa ndani ya begi lako. Usimgombeze. Kule kusini unakokwenda hakuna mtu wa kukupikia ugali wa ulezi, na yeye hilo ndilo linalomnyima raha.

Linaloninyima raha mimi ni lingine. Mimi naogopa, Rhobi. Umezoea kuniona nikicheka, kwa hiyo naliandika mara mbili. Naogopa.

Nilianza kuogopa Jumamosi, dukani kwa Bi Zuhura hapa Tarime. Ulikwenda kumuaga, nami nikakusindikiza kwa sababu nilitaka watu wanione nikitembea na mtaalamu. Ukamkuta analalamika, intaneti yake ya dukani imekuwa nzito, wateja wanaotaka kuchapisha fomu zao wanamkimbia. Ukasogeza kiti. Ukabonyeza huku na huku, ukaingia kwenye ruta yake, ukabadilisha hiki na kile, ukazima ukawasha, na kile kitu kikaruka. Bi Zuhura akapiga kofi.

"Umefanyaje, mwanangu?"

Na wewe ukajiegemeza nyuma, ukatabasamu, ukasema: "Siri ya familia, shangazi."

Akasema, "Haya, huu si mkono wa baba yake huu?"

Nilicheka kuliko watu wote mle dukani. Uliniona. Ambacho hukukiona ni kwamba nilipofika nyumbani chakula nilikirudisha jikoni. Mama yako akadhani ni tumbo. Lile tabasamu nalijua, mama. Nililivaa mimi miaka mingi. Na wewe huendi kutengeneza ruta ya duka la fomu. Unakwenda hospitali, kutunza mtandao ambao madaktari wanategemea. Kwa hiyo nitakuambia kitu ambacho hakisimuliwi kwenye harusi.

Kwanza ujue maana ya mwenye mkono, maana wewe ulikuwa mdogo na Nyamongo uliiona kwa mlango wa kafe tu. Kule maduarani, mwenye mkono si fundi wala si tajiri. Ni mtu ambaye akipiga nyundo ya kwanza, mwamba unatoa. Kikundi kikifungua duara jipya wanamtafuta, wanamlisha, anapiga nyundo yake, anaondoka. Na kuna mwiko. Hakuna anayeuliza amefanyaje. Hakuna anayesimama karibu kuangalia amepiga wapi. Ukiuliza, bahati inahama, na kikundi kizima kitakutafuta wewe. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mtu anakutana na mstari wa dhahabu, anaufunika kwa kifusi, anatoka nje akipiga miluzi kama mtu aliyetoka chooni.

Sasa chukua mwiko huo uuweke kwenye kompyuta. Nilikuwa nikishika mashine ya mtu, watu wanageuza nyuso wenyewe. Wanaume wazima, wenye makovu, wanaangalia ukutani kwa heshima. Na mimi nikaona ni vizuri, kwa sababu nusu ya ninachobonyeza hata mimi sikijui.

Ng'ambo ya mto, upande wa Serengeti, kulikuwa na hospitali ndogo ya misheni. Jina lake liache. Walikuwa na daktari mmoja, nesi mmoja mkubwa aitwaye Anastazia, mashine ya eksirei, na dishi lao wenyewe juu ya paa. Kazi ya lile dishi ilikuwa kupeleka picha za mifupa kwa daktari bingwa aliyekuwa mbali, yeye anaangalia, anajibu fanyeni hivi. Lakini picha ilikuwa inaondoka asubuhi inafika alasiri. Wakasikia kuna mtu Nyamongo ana mkono. Wakanitumia bodaboda.

Nilifika na shati langu jeupe. Daktari alikuwa amekwenda mjini Mugumu, nikapokewa na Nesi Anastazia. Mwanamke mrefu, anasema taratibu, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Nikakaa kwenye kompyuta yao, nikafungua setingi, nikakuta namba zao. Yeye akachomoa kalamu.

"Ngoja niandike kwanza hizi zilizopo," akasema.

Nikamshika mkono, Rhobi. Nikamwambia, "Nesi, mkono hauandikwi. Geuka ukutani."

Akaniangalia. Halafu akageuka. Mwanamke aliyezalisha nusu ya tarafa ile aligeuka ukutani kwa sababu mwenye kafe amemwambia.

Na unajua niliweka nini? Niliweka namba za Nyamongo. Zilezile. Nilikuwa nazo kichwani kama wimbo, zilikuwa ndizo namba zangu za bahati. Nilishajiaminisha kwamba kama zilikimbia kule zitakimbia na hapa, kama vile mbegu nzuri ukiibeba mfukoni unaipanda popote. Wewe umesoma, najua hapa unashika kichwa. Namba zile zilikuwa za dishi lile la Nyamongo, kama namba ya nyumba ilivyo ya mtaa mmoja. Ukiichukua ukaibandika kwenye mlango wa mtaa mwingine, barua zote zinapotea. Mimi hilo sikulijua, na kilichonizuia kulijua ni kwamba hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Nikabonyeza, nikafungua ukurasa ule wanaoutumia kila siku. Ukaja pap, mzima. Nesi akageuka, akashika kifua, akasema Mungu ni mwema. Wakanipa jogoo. Nilirudi Nyamongo nyuma ya bodaboda na jogoo kwapani, naimba.

Ule ukurasa, mama, ulikuwa umehifadhiwa ndani ya kompyuta yenyewe. Haukutoka popote. Mtandao ulikuwa umekufa tangu nilipobonyeza.

Kesho yake Nesi alinitumia ujumbe kwa yule bodaboda: mtandao hausogei kabisa, njoo. Na mimi nilikuwa na wateja, nikajibu kwa mdomo huu unaoujua: "Mwambie asiguse kitu. Namba mpya zinataka kutulia, kama uji." Bodaboda akacheka, nami nikacheka. Mpaka leo sijawahi kusikia utani mbaya kuliko huo, na ni wangu.

Halafu mvua ikanyesha.

Baba yako mdogo Chacha alikuwa ameondoka Nyamongo wakati huo, anachimba na kikundi kidogo huko huko ng'ambo. Mvua ililainisha ukuta wa duara lao, jiwe likashuka juu ya mguu wake. Walimtoa akiwa hai, wakampeleka palepale kwenye hospitali ya misheni. Mimi nikapata habari, nikavuka mto na bodaboda kabla maji hayajapanda. Nyuma yangu njia ikafunga. Mbele, barabara ya Mugumu nayo ilikuwa imekatwa na maji. Tulikuwa kama tuko kisiwani.

Nilipoingia, Chacha alinipungia. Uso umekuwa wa majivu, lakini anapunga.

"Mura," akaniambia, kama tunavyoitana wanaume wa kwetu, "wamesema mguu una hasira. Nimewaambia hata mimi ningekasirika, nimeuvalisha buti moja miaka mitano."

Daktari akanivuta pembeni. Akaniambia mguu umevunjika vibaya na damu haishuki vizuri. Amempigia simu bingwa, simu yenyewe inakatika kila neno la tatu, na bingwa amesema: nitumie picha, mguu siukati wala siuungi kwa kusimuliwa. "Akiniongoza najaribu kuuokoa," daktari akasema. "Peke yangu sijawahi kuufanya mguu wa namna hii. Nikikosea hapo, sipotezi mguu tu, nampoteza mtu. Wewe ndiye mwenye mtandao?"

"Ndiye mimi," nikasema.

"Basi nitengenezee."

Nikakaa kwenye ile kompyuta. Nesi Anastazia akasimama nyuma yangu, safari hii hakugeuka ukutani. Pazia tu lilitutenganisha na kitanda cha Chacha.

"Rudisha tu zile za mwanzo," akaniambia, taratibu.

"Zipi?"

"Zile ulizozikuta, Mwita."

Nikakodolea macho kioo. Mvua inapiga mabati.

"Wewe ndiye uliyeziona," akasema. "Mimi nilikuwa ukutani."

Rhobi, niliweka namba ninayodhani. Haikukubali. Nikaweka nyingine. Nikabadilisha tarakimu ya mwisho, nikabadilisha ya katikati, nikaweka za siku niliyozaliwa. Kila nikibonyeza, pale chini kwenye kona kinatokea kile kialama kidogo chenye msalaba mwekundu. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye vitufe. Na nyuma ya pazia nasikia sauti ya Chacha, inazidi kuwa ndogo:

"Kaka, si uweke ule mkono wako tuondoke hapa? Nimeacha maharage jikoni."

Alikuwa hatanii. Alitania maharage, mkono hakuutania. Aliuamini. Nilisikia kwenye sauti yake kwamba haogopi, na haogopi kwa sababu mimi nipo.

Daktari alikuja akashika unyayo, akatoka. Akaja tena akashika, akatoka. Mara ya mwisho hakutoka. Akafungua pazia akaniambia, "Mwita, inatosha, mguu naukata. Acha hiyo kompyuta uje umshike ndugu yako."

Nilimshika. Hayo mengine sikuandikii.

Baadaye daktari alikuwa anaosha mikono, nikamuuliza: kama picha ingefika? Hakuwa mtu wa kuumiza watu. Akasema, "Labda mguu ungepona. Labda ningeukata vilevile. Sijui." Neno hilo ndilo nililolipata. Angesema ndiyo, ningejua mimi ni nani. Angesema hapana, ningelala. Akasema sijui, na mimi nimeishi na sijui mpaka nywele zimekuwa mvi.

Mvua ilipopungua simu ikashika, Nesi akawapigia waliouza dishi, wakamsomea namba, akaandika kwenye plasta ya kidonda akaibandika kwenye ukuta ule ule aliokuwa ameutazama. Akaziingiza mwenyewe. Mtandao ukarudi kama mtu anayefungua mlango. Tena baadaye daktari akagundua kwa nini ulikuwa mzito tangu mwanzo: kompyuta ya stoo ilikuwa inajipakulia vitu kutoka mtandaoni mchana kutwa bila mtu kujua. Ilikuwa inakunywa maji yote. Setingi hazikuwa na kosa lolote. Kilichotakiwa ilikuwa kuzunguka kila chumba na kuangalia mashine ipi inafanya nini.

Mama yako ni mtu wa Mugumu, na yeye ndiye aliyenieleza vizuri kuliko fundi yeyote, bila kujua ananieleza. Tulikuwa tunachota maji kwao, yanadondoka tone tone. Nikataka kufungua koki, nione imeziba wapi. Akaniambia, "Acha koki ya watu, baba Rhobi. Maji ya bwawa la Manchira ni yaleyale. Majirani wakifunga, kwetu yatajaa." Nilikaa chini kwenye ndoo. Akadhani nimechoka.

Kwa hiyo, mama, siwezi kukufundisha kazi yako. Unajua mambo ya ruta ambayo mimi hata kuyatamka nitajing'ata. Ila nikikuona mbali kule, kwenye chumba cha mashine cha hospitali, na daktari amesimama mlangoni anakuambia harakisha, nakuona unataka kuweka vidole. Kabla ya vidole, andika ulichokikuta. Andika hata ukutani. Gusa kitu kimoja, uone, ndipo uguse kingine, maana ukigusa vinne kikaruka hujui ni kipi, na kikifa hujui ni kipi. Na kikiruka usikiamini. Fungua ukurasa ambao mashine ile haijawahi kuuona. Na mtu akikuuliza umefanyaje, mwambie. Mwambie yote, mbele ya watu, hata kama ni kitu kidogo cha aibu kama kuzima na kuwasha. Usimgeuze mtu ukutani. Huyo aliyesimama nyuma yako na kalamu ndiye anayekulinda, na mimi nilimwona adui.

Na siku utakapokuwa hujui, sema sijui mapema. Sijui ya mapema haigharimu kitu. Ya kwangu niliisema mguu ukiwa umeshakuwa baridi.

Kuna jambo moja limebaki, na ndilo nililolizunguka tangu nianze barua hii.

Chacha anakuja kesho stendi. Amempangia bodaboda wake aje alfajiri, yeye na gongo lake la kutembelea na redio yake. Jana amenipigia simu anacheka. Anasema: "Namshika binti yetu kiganja, napuliza mate kidogo kama walivyofanya wazee, naubariki ule mkono wa baba yake." Wewe unajua anavyokupenda. Unajua anavyosema kila mahali, kwamba siku ile mvua ilizima dishi, kwamba kama si mvua kaka yake angeuokoa mguu wake. Anawaambia wateja wake anapowachajia simu. Ananitetea, Rhobi. Kwa miaka yote hii mtu mwenye mguu mmoja amenitetea, na mimi nimemwacha, kwa sababu mvua haiwezi kuja kubisha.

Sitaki abariki uongo wangu kwenye kiganja chako. Nimeliwaza hili tangu Jumamosi na sikuona njia nyingine. Kesho, kabla hajakushika mkono, nitamwambia. Nitamwambia kwamba dishi lilikuwa zima na mvua haikuhusika, kwamba ni namba zangu, kwamba Nesi alitaka kuandika nikamkataza. Nitamwambia mbele yako, kwa sababu nikibaki naye peke yangu nitaingiza utani na nitaponyoka. Wewe ukiwepo siwezi.

Sijui atafanya nini. Akinipiga kwa gongo usishuke kwenye basi, ni stahili yangu na kichwa changu ni kigumu. Akinyamaza, hapo ndipo naogopa zaidi. Chacha hajawahi kunyamaza, hata siku ile. Huenda ukaondoka Tarime ukimwacha baba yako na baba yako mdogo wamesimama stendi hawasemezani, na hiyo ndiyo picha utakayosafiri nayo mpaka kusini. Nisamehe kwa hilo. Lakini afadhali usafiri na picha hiyo kuliko na kiganja kilichobarikiwa kwa jina langu.

Nawe utajiuliza, baba, hata kama ulikosea hospitalini, ile siku ya kwanza je? Wale wachimbaji, yule mzungu wa meno, kurasa zilizoruka? Hapo si palikuwa na mkono kweli?

Jioni ile, waliponishusha buchani, nilikwenda kununua sigara upande wa chini. Nikakuta giza. Umeme ulikuwa umekatika upande wote ule tangu saa ileile niliyokuwa nabonyeza. Kafe zote tulizogawana nazo dishi zilikuwa zimezima, wenyewe wamekaa nje wanapiga soga. Mimi peke yangu nilikuwa nawasha jenereta. Majirani walifunga, kwangu yakajaa. Nilielewa palepale, sigara haijawashwa, nikarudi buchani nikaendelea kula nyama ya watu.

Zile namba nilizobadilisha hazikufanya kitu. Mkono sikuwa nao, mama. Bahati sikuwahi kuwa nayo, wala Nyamongo wala kwingine. Nilidanganya.